Barua ya wazi kutoka Pemba: Maneno ya bibi yamekwama kwenye bando

Wete,
Kaskazini Pemba.

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya mawasiliano katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na Serikali ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na kwa wote wanaosimamia bei za vifurushi vya intaneti.

YAH: GHARAMA YA INTANETI NA KAZI ZA KISWAHILI ZINAZOSHINDWA KUTOKA PEMBA

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika skuli moja ya sekondari hapa Wete. Kwa miaka minne sasa, baada ya saa za kazi, ninawarekodi wazee wa kisiwa hiki: wavuvi wa dema (mtego wa samaki wa kusukwa), wachumaji wa karafuu, mafundi wa ngalawa, mabibi wanaosuka ukili. Ninawarekodi kwa simu yangu na kuwaweka mtandaoni, ili mtoto wa Micheweni na wa Mkoani asikie maneno ya kwao yakisemwa na wenyewe. Sikuomba malipo kwa kazi hii na leo siombi. Ninachoomba ni kazi yenyewe iwezekane.

Sikupenda kuandika hadharani. Nilianza kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwetu, kama inavyopasa. Kisha nikapeleka barua kwa mkono katika ofisi moja ya Chake Chake. Afisa aliyenipokea alikuwa muungwana, akaisoma palepale, akaniambia, "Mwalimu, haya yanaamuliwa Unguja." Nikapanda meli. Unguja nikaambiwa posta na simu ni mambo ya Muungano, niandike Dar es Salaam. Nikaandika. Baada ya miezi mitano ya kimya nikapiga simu, nikajibiwa kwamba bei za vifurushi zinapangwa na kampuni kwa ushindani wa soko, na kwamba kwa mtu wa Zanzibar ni vyema aanzie ofisi za Zanzibar. Kampuni nayo, nilipoipigia, kijana alinisomea orodha ya vifurushi kuanzia cha juu hadi cha chini, akaniuliza nataka kipi. Hadi leo hakuna aliyenijibu kwa maandishi, hata mstari mmoja.

Kabla ya kutaja hoja zangu, naomba nikuonyesheni jambo lenyewe lilivyo.

Msimu uliopita wa karafuu nilikaa na bibi yangu, mzaa mama, uani kwake. Umri wake umepita miaka themanini. Karafuu mbichi zilikuwa zimemwagwa juu ya jamvi, naye anachambua: karafuu upande huu, makonyo upande ule. Mkono wake haukosei hata anapotazama pembeni. Nikaiegemeza simu kwenye pishi, nikamwacha aseme. Alisema dakika kumi na mbili bila kusita. Alieleza kwa nini karafuu huwahiwa kabla haijachanua, mpeta ni karafuu ya namna gani na unavyomtia hasara mwenye shamba, na namna nyumba nzima inavyotoka mbio kukunja majamvi wingu la mvua likitokea. Akaimba nyimbo mbili za wachumaji ambazo mimi, mwalimu wa Kiswahili niliyezaliwa kisiwa hikihiki, sikuwahi kuzisikia. Moja aliisahau katikati, akacheka, akairudia toka mwanzo.

Video ile ilikuwa na kama GB moja na nusu. Kuipandisha mchana kwa bando la kawaida ni kutumia pesa ya mboga, basi nikanunua bando la usiku, lile la kuanzia saa sita. Saa sita na robo niliiweka simu kwenye dirisha linalotazama mnara, maana ndani mtandao unashuka. Ikaanza kupanda. Asilimia 12. Asilimia 31. Asilimia 50. Kwenye saa tisa umeme ukakatika mtaani, mtandao ukapotea, ukarudi. Ilipofika asilimia 83 ikasimama. Kiduara kikawa kinazunguka tu. Adhana ya alfajiri ikasomwa nami bado nimesimama dirishani. Saa za bando zikaisha, simu ikahamia kwenye salio nililokuwa nimeliweka la kupigia, ikalimaliza lote, kisha ikaniandikia kwamba imeshindikana. Usiku wa pili nilipojaribu tena, ilianza sifuri.

Asubuhi ile bibi aliniuliza, "Wameshanisikia?" Nikamwambia bado.

Waheshimiwa, malalamiko yangu ni haya.

1. Kazi moja inalipiwa bando mara mbili.

Ya kwanza anailipa anayeitengeneza, ya pili anailipa anayeitazama, na wote wawili ni watu wa kipato kilekile, pengine wa nyumba moja. Hesabu si ngumu. Serikali ilipotangaza bei elekezi za data, MB moja iliwekwa kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35. Kwa bei hiyo ya chini kabisa, kupandisha video ya bibi ni zaidi ya shilingi 3,000. Kwa ile ya juu ni zaidi ya shilingi 14,000. Hapo nimehesabu kupandisha mara moja, na ikubali mara ya kwanza. Mimi imenikubalia mara ya nne.

Watu huniambia, "Mwalimu, weka YouTube, utalipwa matangazo." Nimesoma masharti yao. Ili chaneli ianze kushiriki mapato ya matangazo kwa video za kawaida, inatakiwa iwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili. Saa moja ya video, kwa ubora hafifu ambao uso unaonekana kwa taabu, hula kama MB 300. Saa 4,000 ni MB 1,200,000. Zidisheni kwa shilingi 2.03: ni zaidi ya shilingi milioni mbili na laki nne. Yaani wazazi wa wanafunzi wangu, wavuvi wa Kojani na walima mwani wa Tumbe, kwanza walipe bando la zaidi ya milioni mbili na laki nne, ndipo mimi nikubaliwe kuanza kupata senti ya kwanza. Na hiyo ni kwa bei ya chini kabisa kati ya zilizotangazwa.

Matokeo yake nayaona kila nikifungua takwimu za chaneli. Wanaomsikiliza bibi kwa wingi wako Muscat, London na Dar es Salaam. Nawapenda wote, ni ndugu zetu, na wengi huandika chini ya video wakilia kwa kumbukumbu. Lakini mimi namrekodi kwa ajili ya mtoto wa Konde ambaye yuko kilomita chache kutoka kwenye mkarafuu ule, na mtoto huyo hafiki hata dakika ya tatu.

2. Mnyonge ndiye anayenunua MB ghali, na ndizo zinazomfia.

Mwenye mshahara hununua bando la mwezi na MB zake zinamtoka kwa bei nafuu. Asiye na mshahara hununua la siku kwa shilingi mia tano au elfu moja, kwa sababu hizo ndizo alizonazo leo. Hilo la siku likifika saa yake linakufa, umelitumia hujalitumia.

Naomba mumfikirie mama anayelima mwani. Yeye hafuati saa ya ukutani, anafuata maji. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali kuliko siku nyingine, anashuka pwani na kamba zake na vigingi vyake, anainama ndani ya maji hadi yaanze kujaa. Simu ameiacha nyumbani, na hakuna mwenye akili atakayeingia nayo baharini. Anarudi amechoka, mikono imechubuka kwa chumvi, anawasha data amsikilize bibi wa Wete au atazame somo la kukausha mwani vizuri, anakuta ujumbe kwamba muda wa kifurushi chake umekwisha. Pesa ilitoka mkononi mwake na huduma hakuipata. Dukani, ukilipia kilo ya sukari ukaambiwa jioni kwamba sukari yako imekwisha muda ingali kwenye mzani, mtaa mzima ungejaa pale.

3. Bei inachagua tuseme nini, na tukisemee wapi.

Hili ndilo linaloniumiza zaidi, na ndilo ambalo sijaona likitajwa kwenye mikutano ya uchumi wa kidijitali.

Bando la bei rahisi kuliko yote ni lile la mitandao ya kijamii. Kijana wa Pemba mwenye kipaji analinunua hilo, na linamwingiza WhatsApp na kwengineko lakini halimtoi nje ya hapo. Basi kazi zetu zote zinaishia humo. Hadithi, mashairi, vichekesho, mchezo wa ng'ombe wa Kengeja na shangwe zake, mawaidha, mapishi ya pweza, vyote vinarushwa kwenye magrupu na kwenye statasi. Statasi inakaa saa ishirini na nne, kisha inafutika. Kilichotumwa kwenye grupu hakitafutiki na mtu aliye nje ya grupu. Nimeshuhudia mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu akitunga shairi zuri la tarbia, beti kumi na mbili, vina vimetulia, mizani haikupungua hata moja. Akalisoma kwa sauti, akaliweka statasi. Watu sitini wakaliona. Kesho yake halikuwepo popote duniani isipokuwa kwenye daftari lake.

Halafu bei inakata urefu. Klipu ya sekunde thelathini inapanda kwa MB chache, simulizi ya dakika kumi na mbili haipandi. Ndiyo maana vijana wetu wanaonekana hawana la kufanya ila kucheza mbele ya simu. Wengi wana mengi ya kusema. Wanapima bando walilonalo, wanakata maneno yao yaenee.

Na nafasi tunayoiacha wazi haikai wazi. Mgeni aliyefikia hotelini anapewa waifai bila kuhesabiwa MB. Anapiga picha pwani yetu, anaipandisha palepale kitandani, kwa lugha yake na kwa macho yake. Simlaumu, kafanya anachoweza. Lakini andikeni neno "Pemba" kwenye simu zenu muone mnaletewa nini: mji wa Msumbiji wenye jina kama letu, na hoteli za kupiga mbizi. Maneno bamvua na maji mafu, na majina ya pepo kama matlai na umande, mvuvi wa Mtambwe anayasema kila siku ya Mungu, na ukiyatafuta utapata mstari mmoja wa kamusi. Hutamsikia mvuvi mwenyewe akieleza ni matlai gani ya kuogopwa.

Mwaka 1928, mkutano wa Mombasa ulipochagua lahaja ya kusanifiwa iwe Kiswahili cha Afrika Mashariki nzima, uliichagua ya visiwa hivi, Kiunguja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilikuwa inarusha televisheni ya rangi, wakati Bara hawakupata televisheni yao hadi miaka ya 1990. Tangu Novemba 2021 UNESCO imeitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kila mwaka tunapewa hotuba nzuri siku hiyo. Leo mashine za kutafsiri na za kujibu maswali zinajifunza Kiswahili kutokana na kile kilichopo mtandaoni. Zinajifunza kwa nani, ikiwa wenye lugha hawawezi kulipia kuipandisha?

4. Kabla ya bando kulikuwa na leseni.

Hili nitalisema kwa ufupi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilitaka mwenye blogu au chaneli alipe shilingi 100,000 ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja ya kila mwaka. Kanuni zile zimekuja kulegezwa na nashukuru. Lakini kuna waandishi waliofunga blogu zao wakati ule na hawakuzifungua tena, na vijana waliokuwa wanaanza walipata somo kwamba kusema mtandaoni ni jambo la wenye milioni. Somo hilo halijawatoka.

5. Hakuna anayekubali kwamba bei hii ni yake.

Nimekwisha kusimulia safari yangu ya ofisi kwa ofisi, sitairudia. Nasema tu kwamba kama mimi, mwalimu mwenye kalamu, mwenye nauli ya meli na subira ya miezi mitano, sikupata wa kunijibu, mama wa mwani hatampata.

Waheshimiwa, najua majibu yaliyozoeleka, na naomba niyatangulie.

Mtasema bei za data Tanzania ni za chini kuliko za majirani. Huenda ni kweli kwa orodha ya bei. Lakini mfuko wa mtu wa Micheweni haujazwi na wastani wa majirani. Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2025 huduma ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya pato la wastani la mtu kwa mwezi. Mimi nitachukua kipimo cha nyumbani. Kima cha chini cha mshahara wa Serikali ya Mapinduzi kilipandishwa mwaka 2022 hadi shilingi 347,000. Asilimia 2 yake ni shilingi 6,940. Hiyo ndiyo iwe bajeti ya intaneti ya mwezi mzima kwa mtu huyo, naye ana ajira. Kwa bei elekezi ya chini inampa GB tatu na kitu. Kwa ile ya juu haimpi hata GB moja. Video ya bibi peke yake ni GB moja na nusu.

Mtasema Pemba ni kisiwa, na kila kitu kinachovuka bahari kina gharama yake. Ni kweli. Lakini waya wa umeme kutoka Tanga hadi Pemba umelazwa chini ya bahari na unatuwakia taa tangu mwaka 2010. Mkonga wa intaneti wa SEACOM umefika Dar es Salaam tangu mwaka 2009, na Serikali ya Mapinduzi ina mkonga wake Unguja na Pemba unaounganisha ofisi zake. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006 na kuchangiwa na kampuni zenyewe, umesimamisha minara vijijini, Zanzibar ikiwemo. Sisi minara tunaiona, mmoja uko mbele ya dirisha langu. Tatizo letu sasa ni bei ya kuutumia.

Mtasema ni soko, Serikali haiwezi kuiingilia. Hili siwezi kulikubali, kwa sababu tulishuhudia wenyewe. Aprili 2, 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika na wananchi wakapiga kelele nchi nzima, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizisitisha mara moja, na watu wakarudi kwenye vifurushi vya zamani. Basi mkono wa kuigusa bei upo. Bei elekezi nazo ziliwekwa na mamlaka, hazikushuka na mvua. Na ushuru wa bidhaa unaotozwa huduma za mawasiliano, kabla hata VAT haijaongezwa, haukupangwa na soko.

Mtasema vijana wenyewe wanapoteza bando kwa mambo yasiyo na maana. Nimefundisha miaka kumi na sita, na nimewaona wanafunzi wakikaa nje ya uzio wa ofisi fulani jioni kwa sababu waifai ya ofisi ile inavuja hadi barabarani. Nilisimama nikawauliza wanafanya nini. Wawili walikuwa wanatazama mpira. Mmoja alikuwa anapakua mitihani ya zamani ya kidato cha nne. Wa nne, msichana wa Mchangamdogo, alikuwa anajaribu kupandisha video ya mama yake anayefinyanga vyungu, amekuwa hapo tangu saa kumi na jua lilikuwa linazama. Mlinzi akaja akawafukuza wote wanne.

Ninachoomba ni hiki.

Kwanza kabisa, Serikali zetu mbili zikae na zitamke kwa maandishi ni ofisi ipi inayopokea malalamiko ya bei ya intaneti kutoka Zanzibar, na ofisi hiyo iwe na dawati Pemba, lenye mtu, linalotoa jibu la maandishi ndani ya siku thelathini. Ikiwa mtalitimiza hili peke yake, mengine tutayazungumza kupitia mlango huo.

Pili, MB zilizolipiwa zisife kwa saa. Aliyenunua MB azitumie hadi ziishe, au walau apewe siku thelathini hata kama alinunua za shilingi mia tano. Na simu isihamie kwenye salio la kupigia bila mwenyewe kuulizwa na kukubali.

Tatu, pawepo na bando la kupandisha kazi, lenye bei yake nafuu. Data ya watu wa kawaida kwa sehemu kubwa ni ya kupakua, wanaopandisha ni wachache, na usiku minara inatumika kidogo. Kampuni zinajua hivyo, ndiyo maana zinauza bando la usiku. Nguvu ya Serikali iwe kuwafanya waliuze bando hilo kwa namna ambayo video ya dakika kumi na mbili itafika mwisho, na ikikatika kwa sababu ya mtandao wao, MB zirudi.

Nne, ushuru huo wa bidhaa uondolewe kwenye data, au upunguzwe, na punguzo lenyewe lionekane kwenye bei anayolipa mtu wa mwisho. Nasema hivi kwa sababu tumezoea kusikia nafuu zinazoishia njiani.

Tano, mkonga wa Serikali ufunguliwe kwa skuli na maktaba baada ya saa za kazi. Nahesabu vituo vinne vya kuanzia: Wete, Chake Chake, Mkoani na Micheweni. Chumba kimoja kila kituo, meza, umeme, waifai isiyohesabu MB kuanzia saa tisa alasiri hadi saa mbili usiku, na mtu wa kusimamia. Mimi najitolea kusimamia cha Wete bila malipo siku tatu za wiki, na ninao walimu wenzangu wawili waliokubali. Na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uruhusiwe kulipia matumizi ya vituo kama hivi, kwa vile minara imekwisha kusimama.

Sita, tovuti za elimu na za lugha ya Kiswahili zifunguke bila kukata bando: Wikipedia ya Kiswahili, mitihani na masomo ya Wizara, na kamusi na kazi za Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA) zikiwekwa mtandaoni.

Nakala ya barua hii nitaipeleka kwa mkono katika ofisi ileile ya Chake Chake niliyoanzia, nigongewe muhuri wa kupokelewa. Nitasubiri siku thelathini. Ikiwa kuna afisa atakayetaka kuja Wete kuona ninachokisema, nitamkaribisha nyumbani, tutakaa dirishani usiku saa sita, na tutajaribu pamoja kupandisha video ya mzee wa Kojani anayeeleza namna ya kusuka dema. Ina GB mbili. Nimeshaijaribu mara tatu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Kiswahili,
Wete, Pemba.

Nakala:
Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi kutoka majimbo ya Pemba.
Wabunge wa majimbo ya Pemba.
Sheha wa shehia yangu.
Bibi, nitakayemsomea mwenyewe.